Hasira Ishuke Kwanza

Sisi tuliotoka Kongo na Burundi tulizoea kuendesha upande wa kulia. Hapa Uganda ni kushoto. Ukiwa mtulivu, unakumbuka. Ukipanda boda umetoka kugombana nyumbani, akili inabaki kwenye ugomvi, na mkono unarudia mazoea ya zamani.

Tupige hesabu: boda ya kilomita 60 kwa saa inakwenda karibu mita 17 kila sekunde. Ukichungulia simu sekunde 3 tu, umepita mita 50 bila kuona. Hapo kati anaweza kuwa mtoto na jerikani yake ya maji.

Basi mama, baba, tusimsindikize dereva kwa maneno makali. Hasira haijashuka? Atembee kidogo kwanza. Na abiria asione haya kusema: "Kaka, punguza mwendo, ama unishushe."