Kipimo na Umbo: Matangazo ya Biashara katika Video za Intaneti

1.0 Utangulizi

Video ya intaneti huweza kuchambuliwa kwa kuzingatia lugha yake, uigizaji wake na maudhui yake. Hata hivyo, uchambuzi wa aina hiyo haukamiliki pasipo kuuliza swali la kiuchumi: anayelipia tangazo linaloambatana na video hulipia nini hasa? Makala haya yanadai kwamba kila kipimo cha malipo kilipobadilishwa, umbo la kazi zenyewe nalo lilielekea kubadilika. Mfano unaotumika ni wa Google na YouTube, kampuni za Marekani. Uzito wa mfano huu hauna shaka: mapato ya matangazo ya YouTube yalipotajwa hadharani kwa mara ya kwanza, Februari 2020, yale ya mwaka 2019 yalizidi dola bilioni 15.

2.0 Kutoka Nafasi hadi Kubofya

Mnamo Oktoba 1994 HotWired, tovuti iliyohusiana na jarida la Wired, ilianza kuonyesha matangazo ya umbo la mstatili katika kurasa zake. Kampuni ya simu ya AT&T ilikuwa miongoni mwa waliolipia. Utaratibu huo ulifuata desturi ya magazeti, yaani mwenye bidhaa alinunua nafasi. Baadaye ilienea desturi ya kuhesabu malipo kwa kila mara elfu moja tangazo lilipoonyeshwa. Kasoro ya kipimo hicho ni dhahiri, kwani kuonyeshwa si kuonwa.

Mwaka 1998 GoTo.com ilianzisha mnada wa maneno. Mfanyabiashara alitaja bei ambayo angelipa kila mara mtu aliyetafuta neno fulani alipobofya tangazo lake, na aliyetaja bei kubwa zaidi aliwekwa juu. Google ilipoanzisha AdWords mwaka 2000 ilitoza kwa idadi ya kuonyeshwa. Mwaka 2002 nayo ilihamia kwenye mnada wa kubofya, lakini kwa kuongeza sharti: nafasi ya tangazo ilitegemea pia kiwango cha kubofywa kwake. Hivyo basi, fedha peke yake haikutosha kununua nafasi ya juu. Kilichopimwa sasa kilikuwa kitendo cha msomaji.

3.0 Video na Kipimo cha Muda

Video ilileta tatizo jipya. Mtu anayetafuta habari yumo safarini, na kubofya ni hatua mojawapo ya safari hiyo. Mtazamaji wa video amekwisha kufika anakokwenda; kumtaka abofye tangazo ni kumwondoa hapo.

YouTube ilianzishwa mwaka 2005, na Oktoba 2006 Google ilitangaza kuinunua kwa dola bilioni 1.65. Mwaka 2007 ilianza kuwagawia baadhi ya watayarishaji sehemu ya mapato. Mwishoni mwa mwaka 2010 ilileta aina ya tangazo ambalo mtazamaji aliweza kuliruka baada ya sekunde 5, na lililorukwa mapema halikulipiwa. Mwaka 2012 programu inayopendekeza video ilianza kuupa muda wa kutazama uzito mkubwa kuliko idadi ya mara video ilipofunguliwa.

Hapo ndipo umbo lilipoguswa. Idadi ya kufunguliwa ilipokuwa kipimo kikuu, kichwa cha kuhadaa kiliweza kutosha. Muda ulipochukua nafasi hiyo, mtayarishaji alilazimika kumshikilia mtazamaji. Aidha, kwa miaka kadhaa video ilitakiwa kufikia dakika 10 ili matangazo yaweze kuwekwa katikati yake, na watayarishaji wengi walirefusha kazi zao ili zifikie kiwango hicho. Julai 2020 kiwango kilishushwa hadi dakika 8. Kisha, Februari 2023, mapato ya matangazo yalianza kugawiwa pia kwa video fupi ziitwazo Shorts, kutoka katika mfuko wa pamoja, kwa kuzingatia idadi ya kutazamwa. Jukwaa moja, kwa hiyo, hulea maumbo mawili yanayokinzana: moja hunufaika kwa kurefushwa, la pili kwa kufupishwa.

4.0 Fanani, Hadhira na Mlipaji

Nadharia ya fasihi simulizi hutambua fanani na hadhira yake. Katika taarabu, msikilizaji aliyeguswa na wimbo huinuka akamtuza mwimbaji. Tuzo hiyo ni malipo na ni tathmini pia, na hutolewa hadharani na yuleyule aliyeguswa. Katika video inayolipiwa na matangazo huingia mhusika wa tatu. Hadhira hutoa muda, mwenye tangazo hutoa fedha, na kampuni hubadilisha kimoja kwa kingine. Kwa kawaida fanani hugawiwa asilimia 55 ya mapato ya matangazo katika video ndefu.

Mgawo huo haumfikii kila fanani. Mwaka 2018 kiliwekwa kiwango cha wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa katika miezi 12. Novemba 2020 kampuni ilijipa haki ya kuweka matangazo hata katika video za wasiofikia kiwango, bila kuwagawia chochote. Vilevile, mwaka 2017 wafanyabiashara wakubwa waliposusa kwa sababu matangazo yao yalionekana pamoja na video za itikadi kali, masharti yalikazwa, na hata watayarishaji wasiohusika waliathirika. Sauti ya mlipaji ilisikika kuliko ya hadhira.

Kwa fanani wa Kiswahili kuna jambo jingine. Kwa kuwa bei hupatikana kwa mnada, hadhira inayoshindaniwa na wafanyabiashara wachache huuzwa kwa bei ndogo. Saa moja ya usikivu wa dhati inaweza basi kuwa na thamani ndogo sokoni, hata kama kazi yenyewe ni bora.

5.0 Hitimisho

Haielekei kwamba kanuni ya malipo inaeleza kila kitu, kwani wapo wanaotoa kazi zao pasipo kutarajia fedha. Lakini mtafiti anayekusanya vichekesho, mahubiri au nyimbo kutoka mtandaoni kama data hana budi kuandika tarehe na urefu wa kila kazi, na kuvilinganisha na kanuni iliyotumika wakati huo. Asipofanya hivyo, anaweza kuuita mtindo wa fanani kile ambacho kwa hakika ni sharti la mnunuzi wa muda.