Dawa ya Chumvi na Kumbukumbu ya Mgonjwa: Sehemu ya Pili

Katika makala iliyotangulia tulieleza jinsi tabibu John Cade wa Australia alivyowadunga simbilisi chumvi ya lithiamu, akawaona wamelala chali kwa utulivu usiokuwa desturi yao, na jinsi alivyotangaza mwaka 1949 habari za wagonjwa 10 waliopandwa na wazimu wakatulizwa kwa dawa hiyo. Leo twageukia shtaka ambalo wengi wenye maradhi ya baipola huielekezea: kwamba humtuliza mtu moyo huku ikimwibia kumbukumbu.

Sahibu yangu mmoja, mwalimu mstaafu, alikuwa akiwataja wanafunzi wake wa zamani kwa majina yao na ya baba zao pasi na kusita. Jioni moja barazani, kikombe cha kahawa mkononi, alitaka kuagiza kashata. Neno likamkwama, akaishia kuionyesha kwa kidole. "Dawa imeniondolea wazimu ikaniachia ububu," alisema akicheka, nami sikuweza kucheka naye.

Hakuzua. Lithiamu yaweza kupunguza wepesi wa kujifunza na kukumbuka maneno, ingawa upungufu huo aghalabu ni mdogo. Walakini kadhi mwadilifu hamfungi mshtakiwa mmoja akawaachia wenziwe waende zao. Maradhi yenyewe hudhuru kumbukumbu, hata katika siku ambazo mgonjwa yu salama salimini. Kisha iko damu: kiasi cha lithiamu kinachotakiwa kwa kawaida ni baina ya milimoli 0.6 na 1.0 kwa lita, na mtu akiharisha, akitokwa na jasho jingi bila kunywa maji, au akimeza ibuprofeni kwa maumivu ya mgongo, kiasi hicho hupanda, mikono ikatetemeka na fikira zikavurugika. Iko pia tezi ya shingoni, ambayo lithiamu huweza kuilegeza, na tezi ikilegea akili huwa nzito.

Ndiyo maana naona ni hatari mtu kuitupa dawa kabla ya kupimwa. Mgonjwa wa kwanza wa Cade, aliyekwisha kurudi kwao na kazini, aliiacha, na haukupita mwaka akarejeshwa hospitali.

Sahibu yangu alipimwa, tezi ikakutwa imelegea. Akapewa kidonge cha pili, na lithiamu haikuguswa. Majina ya wanafunzi yameanza kumrudia, yale ya baba zao bado.

(Itaendelea)