Majaliwa Hakusomea, Kwa Hiyo?

Kila nikiandikisha watu wa kujitolea kwa uokoaji kwenye mtaa, hakosi mmoja wa viti vya nyuma: "Mwalimu, mbona Majaliwa wa Bukoba hakusomea?" Wiki iliyopita nimeulizwa mara mbili, ya pili na mwenyekiti wa mtaa mwenyewe. Swali hilo nalijibu hapa, nisiulizwe tena.

Majaliwa Jackson, mvuvi, alikuwa ziwani 6 Novemba 2022 ndege ya abiria ilipotumbukia Ziwa Victoria karibu kabisa na uwanja wa Bukoba. Kwa simulizi yake, mlango wa nyuma aliufungua kwa kasia. Kati ya watu 43, 24 walinusurika. Sifa anastahili zote. Ila mashabiki wake huishia hapo, ilhali mwenyewe aliendelea kusimulia: alikwenda mbele kuwasaidia marubani, kamba ya uokoaji ikakatika, ikampiga usoni, akaja kuzindukia hospitalini. Shujaa wenu naye alibebwa kama majeruhi.

Halafu nani kasema hakusomea? Ziwa kalisomea miaka. Alijua mtumbwi ukae upande gani na kasia lishikweje. Chukua ujuzi huohuo uupeleke Kariakoo, kwenye ghorofa lililoporomoka 16 Novemba 2024, uone utafika wapi.

Kifusi hakitaki pupa. Watu wakiona zege limelala hupanda juu na kuanza kuvuta nondo. Zege likishuka kidogo tu, aliye chini hana tena pa kupanulia kifua. Mexico City, baada ya tetemeko la 1985, raia wasio na mafunzo wanakadiriwa kuokoa watu 800, na wenyewe wakafa kama 100. Zimamoto wa Los Angeles walipoiona hesabu hiyo hawakuwakataza wananchi wao kuokoa, maana jirani atafika kwanza upende usipende. Wakaanza kuwafundisha.

Kwenye mazoezi huwa naficha mdoli chini ya meza, juu napanga matofali. Safari moja vijana sita wa kunyanyua vyuma walikurupuka, wanne wakapanda juu ya meza, mguu wa meza ukakatika. Wawili walikuwa wamevaa ndala. Mama muuza uji akabaki mlangoni, kashika kiuno: "Kwani humu walikuwamo wangapi? Na gesi nani kafunga?" Jina lake nililiandika la kwanza.

Kwa hiyo, mwenyekiti, usinikusanyie misuli hamsini kwa ahadi ya fulana, wala usiniombe semina ya asubuhi yenye chai na vyeti. Nipe watu ishirini wanaoshinda mtaani mchana: mama ntilie, fundi umeme, bodaboda, muuza dawa wa dukani, mjumbe anayejua nani hawezi kutembea. Ongea na Zimamoto wa wilaya au tawi la Msalaba Mwekundu mpange siku za mafunzo ya huduma ya kwanza, kubeba majeruhi, kuzima moto mdogo, na kujua wakati wa kutoingia. Rudieni kila baada ya miezi mitatu, mara moja iwe usiku. Andikeni nani ana ngazi, nani ana mtaimbo, ufunguo wa ukumbi uko kwa nani. Namba 114 kila mtu aijue kwa kichwa.

Na wote waje na viatu vya kufunika. Mwenye ndala namrudisha nyumbani.