Vichwa Vilivyonata: Kuokoa Sauti Ndani ya Diski Kuu

Wengi wetu tunaofundisha Kiswahili hapa Kigali tumeweka mali yetu yote ya kitaaluma katika kidude kinachoenea kiganjani: diski kuu ya nje. Katika diski yetu mlikuwa na mitihani, tasnifu na, kubwa zaidi, mahojiano na wazee wa Biryogo, mtaa wa Nyarugenge wenye wasemaji wa Kiswahili wa tangu zamani. Baadhi ya wazee hao wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Siku moja, baada ya likizo, tuliichomeka diski hiyo. Badala ya kuvuma ilitoa mlio mwembamba wa bip, bip, kisha kimya. Tukaipeleka kwa fundi mmoja huko Kicukiro.

Ndani ya diski mna sahani zenye utando wa sumaku, zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Juu yake huelea vichwa vya kusomea. Vichwa havigusi sahani. Vinabebwa na upepo wa mzunguko wenyewe, kwa umbali wa nanomita chache tu, ilhali unene wa unywele mmoja ni makumi ya maelfu ya nanomita. Diski ikizimwa, vichwa hurudi kwenye kituo chao pembeni mwa sahani. Diski ikigongwa au ikianguka wakati inafanya kazi, vinaweza kubaki juu ya sahani. Hapo nyuso mbili laini mno hushikana, kama vioo viwili vilivyolowa maji, na mota hushindwa kuzungusha. Ule mlio ni wa mota inayohangaika. (Mlio wa ta-ta-ta ni ugonjwa mwingine: sahani inazunguka lakini vichwa havisomi.)

Sisi watu wa lugha tulijikuta tukibishana juu ya kitenzi. Wanafunzi husema diski "imekwama", wengine "imeganda". Tunapendelea "vichwa vimenata". Kukwama hakuelezi kilichoshika nini, na kuganda kunaleta picha ya barafu. Labda ndiyo maana mwenzetu mmoja alishauri tuitie kwenye friji! Ushauri huo umeenea sana, nao ni wa hatari. Diski iliyotoka kwenye baridi huvuta unyevu wa hewa, na matone yakitua juu ya sahani madhara huongezeka. Kuigongagonga mezani nako kunaweza kung'oa vichwa na kuchubua utando. Hata kuichomeka tena na tena "kujaribu bahati" ni kuiumiza.

Fundi wetu alisikiliza mlio mara moja tu, akaichomoa, akasema hataifungua. Hakuwa na kabati la hewa iliyochujwa, na chembe moja ya vumbi la kiangazi cha Kigali ni kubwa mara nyingi kuliko nafasi iliyopo kati ya kichwa na sahani. Tulimwomba angalau abadilishe ubao wa umeme. Akakataa tena: ubao wa kila diski una vipimo vya diski hiyo peke yake, na wa kuazima kwa kawaida haukubali. Wakati ule tulimwona mkaidi. Leo tunamshukuru.

Mwenzetu aliyekuwa akisafiri kwenda Nairobi aliibeba hadi kwenye maabara. Kazi ya huko, kwa ufupi, ni hii. Diski hufunguliwa katika hewa safi, vichwa huinuliwa kwa kifaa maalumu huku sahani ikizungushwa polepole, kisha hurudishwa kituoni na kukaguliwa kwa hadubini. Vikiwa vimeharibika, huwekwa vya diski nyingine ya aina ileile. Baada ya hapo mtu hafungui faili hata moja. Kwanza diski nzima hunakiliwa kwenye nyingine, sehemu nzima zikitangulia na mbovu zikiachwa mwisho, kwa kuwa vichwa vilivyookolewa huenda visiishi ila saa chache. Faili hutafutwa ndani ya nakala.

Tulirudishiwa karibu kila kitu, na sasa nakala zinakaa mahali pawili. Mahojiano mawili hayakupatikana, maana yalikuwa pale pale vichwa vilipochubua utando. Mmoja wa wazee hao alikwisha kufariki. Wa pili yu hai, na mwezi ujao tutakwenda Biryogo kumwomba atusimulie upya.