Mwanao bado anamsalimu kocha wake?

Vijana wengi wakimaliza shule huachana na klabu iliyowalea. Kocha aliyewavumilia miaka yote hapati hata salamu.

Mjini New York, Marekani, kuna taasisi ya fensingi, mchezo wa kushindana kwa vitara, ambako mambo ni tofauti. Mwanzilishi wake, Peter Westbrook, alipokuwa mdogo alipewa dola 5 na mama yake ili akubali kwenda mazoezini. Mwaka 1984 alipata medali ya shaba ya Olimpiki, na mwaka 1991 akaanza kuwafundisha watoto kila Jumamosi. Keeth Smart na dada yake Erinn walipitia hapo, wakatwaa medali za fedha Beijing mwaka 2008. Wanafunzi wa zamani hurudi kuwafundisha wadogo, na hapo hukutana tena na wenzao.

Westbrook alifariki Novemba 2024. Aliyekuwa akiahirisha kumtembelea amechelewa.

Mzazi, tunza namba ya simu ya kocha na picha za timu. Kijana akija likizo, mhimize apite kumjulia hali. Si lazima abebe zawadi. Kocha atafurahi kuona yule mtoto amekuwa mtu mzima.