Magitaa Pacha Hayalii Sawa

Mkute mpiga solo mwenye magitaa mawili ya umeme ya kiwanda kimoja, aina moja, hata rangi moja, kisha muulize analipenda lipi. Hatasita. Moja atakwambia linalia, jingine limelala. Asiyepiga gitaa ataona hayo ni majivuno ya wanamuziki. Wapigaji wenzake watamuunga mkono, na wengi wataleta habari za mbao: mti huu una sauti, ule hauna. Mimi naamini mpigaji huyo anasikia kweli, lakini sababu anaitafuta mbali. Mara nyingi tofauti ya magitaa pacha iko kwenye waya, sumaku na skrubu, na karibu yote inapimika.

Tuanze na pikapu, kile kidude kinachokaa chini ya nyuzi. Ndani yake mna sumaku, na kuizunguka sumaku umesokotwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, maelfu ya mizunguko. Uzi wa chuma ukitetemeka hapo juu, uga wa sumaku nao huyumba, na kuyumba huko huzalisha umeme mdogo ndani ya waya. Ni kanuni ileile aliyoionyesha Michael Faraday jijini London mwaka 1831, ndiyo inayoendesha jenereta. Kwa sababu hiyo gitaa la umeme ukilifunga nyuzi za nailoni, pikapu yake inakuwa kiziwi. Sauti ya mbao haiisikii. Inachokifuata ni mwendo wa chuma.

Sasa fikiria waya huo unavyosokotwa. Fender walipoanza kuuza Stratocaster mwaka 1954, mashine ilikuwa ikizungusha tu, na mkono wa mfanyakazi ndio ulioongoza waya kwenda na kurudi. Abigail Ybarra, aliyeingia kiwandani hapo California katika miaka ya 1950, alijulikana duniani kwa kazi hiyo moja, na hadi leo pikapu zilizopita mikononi mwake zinatafutwa. Mkono haurudii jambo lilelile mara elfu nane. Pikapu moja ilitoka na mizunguko 7,600 hivi, nyingine ikazidi 8,000. Mizunguko ikiongezeka, sauti huwa na nguvu zaidi na makali yake hupungua; ikipungua, gitaa hulia jembamba na la kung'aa. Mashine za leo zimepunguza tofauti hiyo, hazijaifuta.

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba pikapu haifanyi kazi peke yake. Koili yake, vitufe vya kuzungushia sauti, na waya unaokwenda kwenye amplifaya ni saketi moja, na saketi hiyo ina eneo lake inalolipendelea, ambapo sauti hupanda kuliko kwingine. Chukua pikapu ya kawaida ya koili moja na waya wa mita 3: kilele hicho huangukia karibu na mitetemo 5,000 kwa sekunde. Weka waya wa aina hiyohiyo wenye mita 6, kilele kinashuka hadi 3,800 hivi. Gitaa hukuligusa, nyuzi hukuzigusa, lakini ule mng'ao wa juu umepungua na sikio linajua. Wangapi wamelinganisha magitaa mawili kila moja likiwa na waya wake, kisha wakahukumu mbao!

Kitufe cha sauti nacho kina siri yake. Kwenye Stratocaster huandikwa kuwa na ukinzani wa omu 250,000, lakini kwa kawaida vipuri vya namna hiyo huruhusiwa kupishana kwa asilimia 20 juu au chini. Maana yake kimoja chenye omu 205,000 na kingine chenye 290,000 vyote vimepita ukaguzi, na vinaweza kufungwa siku moja, kwenye magitaa mawili yaliyokaa bega kwa bega. Kile chenye ukinzani mdogo hunyonya sauti za juu zaidi. Gitaa linaonekana limelala, kumbe ni kipuri kidogo cha bei rahisi.

Kuna pia urefu wa pikapu, yaani umbali kati ya sumaku na nyuzi, unaorekebishwa kwa bisibisi. Pikapu ikisogea karibu, sauti inajaa. Ikizidi, sumaku huanza kuuvuta uzi wenyewe. Bonyeza uzi mnene huko juu ya shingo, karibu na mwili wa gitaa, usikilize: noti inayumba, haitulii kwenye tyuni, kama vile sauti mbili zinagombana ndani yake. Nusu milimita inatosha kuleta au kuondoa jambo hilo.

Je, kufanana kuna faida? Ipo, na kubwa. Mwaka 1955 Seth Lover wa Gibson alipeleka ombi la hataza ya pikapu yenye koili mbili zinazokaribiana kabisa, zilizounganishwa kwa mwelekeo wa kupingana, na sumaku zake zikiwa zimegeuzwa. Muungurumo wa umeme wa nyumbani, ambao kwetu Afrika Mashariki hutokana na mikondo ya hezi 50, huingia kwenye koili zote mbili na kujifuta. Sauti ya nyuzi hubaki na kujumlishwa. Kadiri koili zinavyofanana, ndivyo ukimya unavyokuwa safi.

Kwenye muziki wenyewe, George Harrison na John Lennon walikuwa na Stratocaster mbili za samawati zilizonunuliwa pamoja mwaka 1965, na solo ya "Nowhere Man" waliipiga wote wawili kwa pamoja. Magitaa mawili hayawezi kulingana tyuni kikamilifu: moja likitoa mitetemo 440 kwa sekunde na jingine 441, sauti hupanda na kushuka mara moja kila sekunde. Huko kupanda na kushuka ndiko kunakofanya wapigaji wawili wasikike wanono kuliko mmoja aliyeongezewa sauti. Katika dansi na rumba ya Kongo hitaji ni kinyume chake. Solo, mi-solo na ridhimu zinasukana, na zikiwa na rangi moja ya sauti sikio hushindwa kuzitenganisha.

Mwaka 2010 huko Indianapolis, wapiga fidla 21 walivishwa miwani ya giza wakapewa fidla mpya na za kale, zikiwemo za Stradivari. Wengi walipenda mpya. Wewe mwenye magitaa mawili unaweza kujijaribu hivyohivyo. Funga nyuzi mpya za seti moja, linganisha urefu wa pikapu, tumia waya mmoja, mpe mwenzako apige wewe ukiwa umegeuka. Ukipima ukinzani wa pikapu, pima yote mawili chumba kimoja: pikapu ya omu 6,000 kwenye nyuzijoto 20 itasoma zaidi ya 6,200 kwenye nyuzijoto 30, kwa joto tu.

Tofauti ikibaki baada ya hapo, mpelekee fundi abadilishe kitufe cha sauti kabla hujalitangaza gitaa kuwa linauzwa. Ni kazi ya dakika chache na risasi kidogo ya kulehemu.