Redio na Televisheni: Pambo la Nyumba au Bwana wa Nyumba?

Lori la uhamisho linapofika kwenye nyumba za askari, kitu cha kwanza kufungwa kwa uangalifu siku hizi si sahani wala kioo cha kujitazamia, bali ni televisheni. Huviringishiwa mablanketi mawili, husimamishwa katikati ya magodoro, na mtoto mkubwa huagizwa akae karibu nayo asiondoke. Safari ikiisha, katika nyumba mpya, swali la kwanza huwa lile lile: televisheni itakaa wapi? Likishajibiwa hilo, viti vyote huelekezwa upande mmoja, meza husukumwa pembeni, na picha ya harusi hutafutiwa ukuta mwingine.

Hakuna kosa katika kupenda televisheni. Lakini chombo kilichoingia sebuleni kama mgeni kimegeuka kuwa mwenyeji, na wenye nyumba huketi kukikabili kama watu waliokuja kusikiliza hotuba. Wachoraji wa vyombo katika nchi mbalimbali wamelishughulikia tatizo hili kwa miaka mingi, nayo baadhi ya majibu yao yaifaa nyumba ya koplo kuliko yanavyoifaa nyumba ya tajiri.

Kabati lililosema

Redio za miaka ya 1930 na 1940 zilitengenezwa kwa sura ya kabati. Mbao zilipigwa vanishi mpaka zikang'aa, spika ikafunikwa kwa kitambaa kizuri, na mara nyingine nakshi za rangi ya dhahabu ziliongezwa ili chombo kionekane samani ya thamani. Ndani yake mlikuwa na vali, yaani vichupa vya kioo vilivyowaka kama taa ndogo na kutoa joto jingi. Ndiyo sababu ubao wa nyuma ulitobolewa matundu. Redio ya namna hiyo ilidai meza yake yenyewe. Meza nayo ikadai kitambaa, juu ya redio kikatandikwa kitambaa kingine kilichofumwa kwa mkono, na juu ya kitambaa hicho kikasimamishwa chombo cha maua. Mwisho wake redio ilikaa kama mfalme kitini.

Katika Afrika kabati hilo lilikuwa na maadui wawili, yaani bei na hali ya nchi. Mwananchi wa kawaida hakuwa na fedha za kulinunua, na mbao zake zilipambana na unyevu na wadudu. Mwaka 1949, katika Rhodesia ya Kaskazini, ambayo tangu 1964 huitwa Zambia, mkuu wa idara ya habari aliyeitwa Harry Franklin aliishawishi kampuni ya Ever Ready ya Uingereza itengeneze redio ndogo ya betri kwa watu wasio na umeme. Serikali ya kikoloni ilikuwa na sababu zake za kutaka kusikika, hilo halikufichika. Hata hivyo chombo chenyewe kilikuwa kizuri. Gamba lake lilikuwa la aluminiamu, la duara, lenye upana wa inchi 9 hivi, kwani gamba la kwanza lilitokana na sufuria. Lilipakwa rangi ya buluu. Redio iliuzwa pauni 5, na betri yake, iliyonunuliwa mbali kwa shilingi 25, iliweza kuiendesha kwa muda wa saa 300 hivi. Watu wakaijua kwa jina la redio ya sufuria.

Mtu aliyezoea kabati la mbao angeweza kuicheka. Lakini aluminiamu hailiwi na mchwa, duara haina pembe za kuvunjika, na chombo chenye umbo la sufuria si kigeni katika nyumba yoyote. Kiliwekwa juu ya kigoda au kikachukuliwa uani jioni, wala hakikumlazimisha mtu yeyote kuhamisha kiti chake.

Kifuniko kilichokataa kunyamaza

Miaka michache baadaye jambo la namna hiyo lilitokea Ujerumani, ingawa kwa njia nyingine. Kampuni ya Braun ilitaka chombo kimoja chenye redio na mashine ya kupigia santuri, nacho kisifanane na makabati yaliyojaa madukani. Mwaka 1956 kikatokea chombo kilichoitwa SK4, kazi ya Hans Gugelot na Dieter Rams. Rams alikuwa kijana aliyesomea ujenzi na upambaji wa nyumba, na babu yake alikuwa seremala. Gamba lilikuwa la bati lililopakwa rangi nyeupe, na pande mbili zilikuwa za mbao. Vitufe na namba zilipangwa juu, mahali pa kuonekana na kushikwa kwa urahisi. Nakshi hazikuwapo kabisa.

Mwanzoni kifuniko nacho kilikusudiwa kuwa cha bati. Lakini sauti ilipopandishwa bati lilitetemeka na kuharibu muziki, basi likaachwa, kikawekwa kifuniko cha plastiki angavu kama kioo. Watu wakakiita chombo hicho jeneza la Snow White, kwa kumkumbuka yule binti wa hadithi ya Kijerumani aliyelazwa ndani ya jeneza la kioo. Jina lilikuwa la mzaha, lakini baada ya muda kifuniko angavu kilienea katika mashine za santuri za viwanda vingi. Uzuri wake haukutokana na mtu kutafuta uzuri. Ulitokana na kero ya bati linalotetemeka, na kila askari aliyelala chini ya paa la bati usiku wa mvua aielewa kero hiyo bila kuelezwa.

Waitalia walikuwa na furaha zaidi katika kazi zao. Mwaka 1964 Marco Zanuso na Richard Sapper waliichorea kampuni ya Brionvega redio ya plastiki yenye bawaba katikati. Ikifungwa ni kisanduku chenye rangi ya kuchangamsha, hakijulikani ni cha nini. Ikifunguliwa, upande mmoja una spika na wa pili una vitufe. Redio inayojua kufumba macho kazi inapokwisha ni mgeni mwenye adabu.

Kazi nyingine ya Rams yafaa itajwe hapa, ingawa si ya umeme. Mwaka 1960 alichora rafu za kutundika ukutani ziitwazo 606, ambazo mpaka leo zinatengenezwa na kampuni ya Vitsœ. Vyuma vyembamba vya aluminiamu hufungwa ukutani, na rafu hushikwa kwa pini tu. Mwenye nyumba akihama huzifungua, huzibeba na kuzipanga upya kwa kadiri ya ukuta mpya. Akipata fedha huongeza rafu moja. Redio, vitabu na mashine ya santuri vilikaa humo kama watu wa daraja moja, hakuna aliyewekwa kiti cha mbele. Bei ya rafu hizo ni kubwa mno kwa mshahara wa askari, lakini wazo lenyewe halina bei: seremala yeyote aweza kutengeneza rafu za mbao zinazofunguliwa kwa skrubu na kupangwa upya kila uhamisho.

Shimo la kabati

Kenya ilianza kurusha matangazo ya televisheni mwaka 1962, na Uganda mwaka 1963. Televisheni za miaka hiyo, na za miaka mingi iliyofuata, zilikuwa na kioo kizito chenye mgongo mrefu. Mafundi seremala wa miji ya Afrika Mashariki wakazitengenezea makabati makubwa ya ukutani, yenye vioo vya kuonyeshea vikombe vya wageni na shimo refu katikati. Televisheni iliingia shimoni humo kama droo. Makabati hayo yalikuwa mazito, lakini yalikuwa salama.

Kisha zikaja televisheni bapa. Ni pana kuliko lile shimo, basi hazikuingia. Nyumba nyingi ziliamua jambo lililoonekana rahisi: televisheni mpya ikapandishwa juu ya kabati la zamani. Hapo ndipo hatari ilipoanza. Televisheni bapa husimama juu ya miguu myembamba, nayo ikivutwa kidogo kwa mbele huanguka. Mtoto wa miaka miwili au mitatu akiiona rimoti juu ya kabati hufungua droo za chini na kuzipanda kama ngazi. Kabati huinama, na televisheni hutangulia. Katika nchi nyingi watoto wameumia vibaya, na wengine wamekufa, kwa njia hiyo hasa.

Wachoraji wa leo wamerudi kulitazama tatizo la zamani. Mwaka 2015 Ronan na Erwan Bouroullec, ndugu wawili wa Ufaransa, waliichorea kampuni ya Samsung televisheni iitwayo Serif. Ikitazamwa kwa ubavu ina umbo la herufi I kubwa. Juu ni pana kiasi cha kuweka pambo dogo, na nyuma ina kitambaa cha kuficha nyaya. Akina mama wa Afrika Mashariki, ambao kwa miaka mingi walitandika kitambaa na kuweka maua juu ya televisheni zao, watatabasamu wakisikia habari hiyo. Mwaka 2017 kampuni hiyo hiyo ilitoa nyingine iitwayo The Frame, ambayo isipotazamwa huonyesha picha ya sanaa, ikaonekana kama picha iliyotundikwa. Ni ufundi wa kusifiwa. Lakini picha hiyo hula umeme wakati wote inapoonekana, na nyumba inayonunua umeme kabla ya kuutumia itauliza kwa nini ilipie taa ya kuangazia picha ambayo fremu ya mbao ingeishika bure.

Katika chumba kimoja na pazia

Askari wengi wa Kenya na Uganda wameishi katika zile nyumba za duara za bati ziitwazo uniport, na wengine katika chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Ukuta wa duara haukubali kabati kubwa la mraba. Nyuma yake hubaki nafasi ambamo vumbi, panya na nyaya hujificha pamoja. Humo chafaa kibao cha chini, kipana, chenye droo nzito upande wa chini, na televisheni isimame juu yake ili mtazamaji aliyeketi aione bila kuinua shingo. Isielekee mlango wala dirisha, kwani mwanga wa mchana huifanya kuwa kioo cha kujitazamia. Mkanda imara uifunge kwa nyuma kwenye kibao chenyewe, na kibao kishikizwe ukutani. Nyumba ni mali ya serikali, hivyo kabla ya kutoboa ukuta ni vema kumwona afisa anayesimamia majengo.

Ukubwa wa kioo nao wahitaji akili tulivu dukani. Mtazamaji huona vizuri akikaa umbali wa mara moja na nusu hadi mara mbili ya kioo kikipimwa kutoka pembe hadi pembe. Basi mahali ambapo kiti kiko futi 5 kutoka kwenye kioo, inchi 32 zatosha. Inchi 55 zahitaji futi 7 hadi 9, na katika chumba cha pazia futi hizo hazipatikani ila kwa kuondoa kitanda. Hata hivyo mikopo huchukuliwa kwa ajili ya inchi 55, nayo hukatwa kwenye mshahara hata baada ya jirani kununua inchi 65.

Kuhusu vitambaa, hakuna haja ya kuviacha. Ni kazi ya mikono, huzuia vumbi, na hukipa chombo cha kiwandani sura ya nyumba ile na si ya duka. Ila viondolewe kabla ya kuwasha. Televisheni bapa ina matundu nyuma kama ilivyokuwa na redio ya vali, na king'amuzi hupata joto zaidi kuliko watu wanavyodhani. Kikifunikwa kitambaa na kubebeshwa mashine nyingine juu yake, hakitadumu. Friji, ambayo katika nyumba ndogo hukaa sebuleni pamoja na wageni, yaweza kuvikwa kitambaa juu, lakini nyuma na ubavuni iachiwe nafasi ya kupumua. Waya wa umeme usipitishwe chini ya zulia ili kuuficha: unaokanyagwa kila siku huchubuka, na moto wake huanza mahali pasipoonekana.

Redio ndogo, ambayo siku hizi mara nyingi hutumia betri ya kuchajiwa kwa jua, haihitaji kiti cha heshima. Rafu ya jikoni yaifaa. Betri kavu zitolewe ikiwa redio itakaa wiki nyingi bila kutumiwa, maana huvuja na kula vyuma vya ndani.

Na siku lori litakaporudi, friji ikiwa imelazwa njiani, isimamishwe saa kadhaa kabla ya kuwashwa, ili mafuta ya mashine yarudi mahali pake. Televisheni isafirishwe ikiwa imesimama, ndani ya boksi lake la awali na yale maboya meupe ya pembeni. Kwa hiyo boksi hilo, ambalo watu hulichoma siku ya kwanza kwa furaha, likunjwe na kuwekwa chini ya kitanda.